Siku Posho Aliponyamaza

Gari la Kiema lilikuwa na jina, na jina lenyewe halikutoka kwa Kiema. Lilitoka kwa majirani zake wa Shauri Moyo, waliochoka kudhani kila jioni kwamba kuna mtu amefungua mashine ya kusaga mahindi nyuma ya nyumba zao. Mambo yalianza kwa mvumo mdogo kwenye magurudumu ya mbele. Kiema akasema ni lami mbaya. Lami ikakarabatiwa, mvumo ukabaki. Akasema ni matairi. Akanunua matairi mengine, na mvumo ukazidi, kana kwamba umefurahia viatu vipya. Basi watu wakaliita Posho, na hata mkewe Kalekye, ambaye ndiye mwenye kisa hiki, akazoea kuliita hivyo.

Kalekye ni mpiga msasa. Katika karakana ya wachongaji anakofanya kazi, wanaume huchonga twiga, viboko na wapiganaji wa mbao, kisha hujipiga vifua na kwenda kunywa chai. Kazi ya kuichukua ile mbao yenye makovu ya tezo na kuifanya kitu ambacho mgeni akikishika hataki kukiweka chini, hiyo huachiwa akina mama. Kalekye ameifanya tangu kabla ya kuolewa, na sasa ana vidole ambavyo haviwezi kupita penye ukwaruzo vikatulia. Akienda kutembelea watu hupapasa mikono ya viti vyao. Akipewa chai kwenye kikombe chenye ufa, hukirudia kile kiufa kwa kidole gumba mpaka mwenye nyumba aone haya. Kiema husema kwamba alipokwenda kuposa, alichunguzwa kidevu kwanza ndipo akaulizwa jina.

Mwaka huu Kalekye alipata leseni ya udereva, baada ya kufeli mtihani mara ambazo nyumbani hazitajwi. Kilichomshinda kila mara ni kuligeuza gari kwenye barabara nyembamba. Akilifikisha katikati, lilikuwa likimkwama kama mbuzi mlangoni. Lakini leseni ni leseni. Habari zake zilifika Masii wino haujakauka, na huko Masii ndiko anakoishi mama yake, Syombua, bibi mwenye macho yaliyofifia na masikio yasiyopitwa na kitu.

Syombua alikuwa na kidonda chake cha muda mrefu, na kidonda hicho kiliitwa Mama Nzivo. Huyo ni jirani yake na mwenzake katika chama cha akina mama wa kanisa. Mwanawe, Nzivo, ana gari kubwa jeusi, na kila akija nyumbani, mama yake hubebwa mpaka mlangoni pa kanisa, ingawa kutoka kwake hadi kanisani ni pua na mdomo. Kisha ibada ikiisha, Mama Nzivo hulalamika mbele ya wenzake kwamba kiti cha gari kimemchosha mgongo. Syombua alivumilia hayo kwa miaka. Aliposikia habari za leseni, alisimama kwenye mkutano wa akina mama na kutangaza kwamba Jumapili ya mavuno binti yake atakuja kutoka Nairobi, naye atampeleka kanisani.

"Si kuletwa na mume," aliwaambia. "Usukani ataushika kwa mikono yake."

Alipokwisha kutangaza ndipo akampigia simu binti yake kumwarifu.

"Nimeshasema, Kalekye. Mbele ya wote. Usiniaibishe, mwana wa tumbo langu."

Kalekye aliogopa, halafu akafurahi, halafu akaogopa zaidi. Katika maisha yake yote hakukumbuka hata mara moja mama yake akijigamba kwa ajili yake. Alisifiwa kwa heshima, ndiyo, na kwa kutuma unga. Lakini kutangazwa mkutanoni! Alitaka kufika kwenye mlango ule wa kanisa kuliko alivyotaka kitu chochote tangu binti yake Mutheu amalize shule. Usiku alikuwa akilala akikanyaga klachi ndotoni, na Kiema akaamka na michubuko miguuni.

"Mama Mutheu," Kiema akamwambia, "kwa jinsi hali ya Posho ilivyo, Masii hutafika. Gurudumu ndilo litakalofika, wewe utabaki njiani."

Kiema ni karani katika mahakama ya Makadara, na amekaa miongoni mwa mawakili mpaka lugha yao imemwingia kama harufu ya moshi kwenye sweta. Chakula kikichelewa husema kesi imeahirishwa. Ugonjwa wa gari alishaujua: ni beringi za magurudumu ya mbele, zote mbili, zimekwisha. Mafundi alikuwa amegombana nao mmoja mmoja, kwa kuwa kila aliyempelekea gari alilirudisha na ugonjwa ambao halikwenda nao. Sasa alikuwa ametazama video kwenye simu mpaka betri ikaomba radhi. Akachukua ruhusa kazini Ijumaa, akavaa suruali ya zamani, akatangaza pale uani, "Shauri hili nitalisikiliza mwenyewe."

Wa kwanza kufika kwenye mahakama hiyo ya uani alikuwa jirani yao, Mzee Ochola, mstaafu asiyepitwa na tukio lolote. Alikuja na kigoda chake, akakaa mahali ambapo angeona kila kitu bila kuombwa kushika chochote.

"Niaje, Baba Mutheu. Leo unaua Posho?"

"Ninamtibu, Mzee."

"Haya. Tuko hapa kama kutakuwa na mazishi."

Walianza na gurudumu la kulia. Kiema akaweka mawe nyuma ya matairi, akapiga jeki, akatoa gurudumu, akaning'iniza breki kwa waya. Kisha akafika kwenye ile nati kubwa ya katikati. Nati ilikataa. Akaivalisha spana, spana akaivalisha bomba refu, akapanda juu ya bomba na kurukaruka. Ochola akamshauri aruke akiwa ameshiba. Aliporuka mara nyingine nati ikakubali ghafla, naye Kiema akatua katikati ya shuka za Ochola zilizoanikwa kwenye kamba. Ilibidi Kalekye azifue upya, na Ochola akasema wazi kwamba hizo ndizo shuka alizokuwa akizipenda kuliko zote.

Beringi mpya zilikuwa zimelala kwenye friza tangu usiku, zimefungwa kwenye mfuko wa plastiki baina ya samaki na maharagwe yaliyochemshwa. Kiema alieleza kwamba chuma kikipata baridi husinyaa, na kikipata moto hupanuka, kwa hiyo beringi inalazwa kwenye baridi, na kile chuma kizito kinachobeba gurudumu, chenye tundu pana la kuketisha beringi, kinawekwa juu ya jiko. Chuma kikawekwa juu ya jiko la Kalekye. Watu waliopita waliuliza kunapikwa nini, na Ochola akawajibu ni supu, lakini nyama ni ngumu kidogo.

Hata kwa baridi na moto huo, beringi ya kwanza iliingia kwa shida. Kiema alitumia boliti ndefu na vipande vizito vya chuma, akawa anakaza nati kidogokidogo huku Kalekye ameshikilia kwa matambara. Beringi ilikuwa ikiingia unywele mmoja, inalia, inasimama. Walipomaliza jua lilikuwa limezama na mikono ya Kiema inatetemeka hata kijiko hakishiki. Lakini gurudumu la kulia likazungushwa na halikutoa sauti yoyote. Kalekye alilizungusha mara nyingi kuliko ilivyohitajika.

Jumamosi ikawa zamu ya gurudumu la kushoto. Kiema aliamka mabega yakiwa yamekufa ganzi. Akajikongoja mpaka akaitoa beringi ile ya zamani kwa nyundo na kupiga kelele, kisha akampa Kalekye chuma chenyewe. Ndani ya lile tundu kulikuwa na kutu.

"Mama Mutheu, hebu nisafishie hii kutu, mimi nikatafute nati mpya. Hii ya zamani imeliwa meno."

Hakusema zaidi ya hayo. Akaondoka, na huko njiani akakutana na watu wa kamati ya harambee, na mtu akishakutana na hao harudi upesi.

Kalekye akakaa kizingitini, akakipakata chuma, akachukua msasa. Kwanza ule mkali. Kutu ikaondoka mara moja, na mtu mwingine yeyote angeacha hapo. Lakini alipopitisha kidole ndani, kidole kikakuta mahali. Ni padogo tu, panakwaruza. Akapapiga. Alipopapita tena akakuta pengine. Akabadilisha msasa, akachukua wa wastani, kisha laini, kisha ule laini kabisa ambao hutumiwa kwenye mashavu ya sanamu. Akaulowesha maji. Akavuta redio karibu. Chuma kilikuwa kigumu kuliko mpingo na hilo likamtia hamu. Akawa anazungusha mkono huku akiimba, na kila akizungusha anamwona mama yake ameketi kiti cha mbele na kitambaa chake cha kichwa cha Jumapili. Mwishoni akamalizia kwa kitambaa na mafuta kidogo, kwa mazoea tu.

Kiema aliporudi na nati alisimama mlangoni akashika kiuno.

"Hiki ni chuma, ama umeninunulia kioo?"

Alikipeleka mwangani, akajitazama meno. Ochola naye akapelekewa pale alipoketi, akajitazama. Kisha beringi ikatolewa kwenye friza, Kiema akaiweka mdomoni mwa tundu na kugeuka kutafuta boliti yake ndefu. Hakuihitaji. Alipoisukuma kidogo kwa kidole gumba ili isianguke, beringi ikateleza ikaingia mpaka mwisho, kimya kabisa.

Ochola aliinuka kwenye kigoda chake, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu Ijumaa, akapiga makofi.

"Mahakama imeridhika!" Kiema akapaza sauti. "Mnaona? Jana nilikosea kwenye baridi. Niliitoa mapema. Leo imelala vizuri." Akaingia ndani kunywa chai, akifuatwa na Ochola, na sauti yake ikasikika akieleza kanuni za baridi na moto tangu mwanzo.

Kalekye akabaki uani. Alikuwa na furaha, lakini kidole chake hakikuwa na furaha, na hakujua ni kwa nini. Akangoja mpaka baridi ya friza ikatoka kwenye ile beringi na umande wake ukakauka. Kisha akaweka kidole kwenye ukingo wa nje, ule unaotakiwa kung'ang'ania chuma usicheze kamwe, akausukuma. Ukazunguka.

Akaketi.

Yeye ndiye anayewatia wapiganaji wa mbao mikuki yao kule karakana. Tundu la ngumi linatobolewa, mkuki unasukumwa mpaka ulie, na ukishalia umekaa. Mpiganaji ambaye mkuki wake umeingia kirahisi hurudishwa na mnunuzi kabla ya mwezi kwisha, mkono mtupu. Haya Kalekye anayajua kama anavyojua njia ya kwake. Tatizo ni kwamba hakuna aliyemwambia beringi ni mkuki. Aliambiwa kutu.

Simu ikalia. Ni mama yake.

"Nimezungumza na mchungaji," Syombua akasema. "Atawaambia watu waache nafasi pale mlangoni. Na Mama Nzivo nimemwambia aketi kwake asikilize. Utakapofika mtoni tu atakusikia."

"Ndiyo, Mwaitu," Kalekye akajibu, kwa maana ndivyo anavyomwita mama yake.

Angeweza kunyamaza. Hakuna aliyejua. Kiema alikuwa ndani anajisifu, Ochola amekwisha kupiga makofi, na gari lenyewe huenda lingekwenda na kurudi kabla ya kuanza kuvuma tena. Kesho angekuwa mlangoni pa kanisa. Kalekye aliufikiria mlango ule kwa muda, akautamani mpaka machozi yakamlenga. Lakini Posho, kama magari yote ya hapa, usukani wake uko kulia. Gurudumu la kushoto ndilo lililo chini ya miguu ya abiria wa mbele, na kesho abiria huyo angekuwa Syombua na kitambaa chake cha Jumapili.

Akaingia ndani. Kiema alikuwa ameinua kikombe akimwonyesha Ochola jinsi beringi inavyosinyaa.

"Baba Mutheu, beringi imelegea. Mimi ndiye niliyeilegeza. Nimepiga msasa ukapita kiasi."

Kiema alitoka, akainama, akausukuma ule ukingo kwa kidole. Ukazunguka. Akausukuma tena, labda ungebadilisha ushahidi. Kalekye alimtazama kisogo akajua kwamba amekasirika, kisha akaona mabega yanaanza kutikisika.

"Umekiri bila kushurutishwa?" akauliza akiwa bado ameinama.

"Bila kushurutishwa."

"Basi mshtakiwa ni mimi," Kiema akasema, akageuka, na alikuwa akicheka mpaka kamasi zinamtoka. "Mimi ndiye niliyempa Kalekye msasa nikaondoka! Nilitegemea nini? Mungu ashukuriwe sikukuachia injini."

Kalekye akacheka huku akilia, na Ochola, ambaye alikuwa amekuja mlangoni na kikombe, akauliza kama yale makofi yake anaweza kurudishiwa.

Walikimbia kabla maduka hayajafungwa. Chuma kingine kama kile, cha mtumba, walikipata baada ya kuulizia kila kibanda, nacho kilikuwa kibaya kwa sura hata Kalekye akafumba macho. Safari hii Kiema alikubali kwenda kwa Triza, mama mnene mwenye mashine ya kukandamiza vyuma pale pale Shauri Moyo, ingawa aliweka wazi kwamba haendi kwa fundi, anakwenda kwa mashine. Triza alikichukua kile cha kwanza akakigeuzageuza.

"Mathe, ni nani alipiga hii kitu shine hivi? Mimi hapa naeza jipaka lipstick nikijiangalia."

"Ni mimi," Kalekye akasema.

"Wewe ni noma. Lakini beringi haiwezi kaa hapa, itadance tu." Akakiweka kando, akakiweka cha mtumba kwenye mashine. "Sasa skiza hii."

Akavuta mkono wa mashine. Beringi ikaanza kushuka ikilia, kilio kirefu cha chuma kinachokabwa na chuma. Wapita njia wakaziba masikio. Kalekye alisimama karibu akatabasamu mpaka ikanyamaza. Njia nzima ya kurudi nyumbani Kiema alikibeba kile chuma kifuani, na kila Kalekye aliponyoosha mkono, akakihamishia upande mwingine.

Jumapili waliondoka alfajiri, Kalekye usukanini na Kiema kushoto akiwa ameshika kila kinachoshikika. Walipofika Jogoo Road Kiema akapiga kelele, "SIMAMA! KUNA KITU KIMEZIMIKA!" Hakukuwa na kitu. Ni Posho alikuwa amenyamaza. Ndipo wakagundua kwamba kwa miaka mingi walikuwa wakizungumza humo garini kwa kupayuka, na sasa hawakujua kuzungumza vingine. Walipayukiana mpaka Machakos, wakiwa ni wao tu.

Masii walifika jua likiwa limepanda. Wakavuka mto, wakapanda kilima, Kalekye akaingiza gari uani kwa mama yake na kulizima. Syombua alikuwa ameketi nje na kitambaa chake cha Jumapili, uso ameuelekeza barabarani, anasikiliza. Hakugeuka.

"Mwaitu."

Bibi akaruka. "Kalekye? Umekuja lini? Umekuja na basi?" Uso ukamsawijika. "Umekuja na basi."

"Nimekuja na Posho. Mimi ndiye niliyemwendesha."

"Usinidanganye. Posho mimi humsikia akiwa mtoni."

Ikabidi ashikwe mkono mpaka kwenye boneti. Aliipapasa, ikamchoma, akaamini. Lakini hakufurahi kama ilivyotarajiwa. Aliingia garini akiguna, na njiani alikuwa ameinamisha sikio kwenye mlango.

"Gari zuri," alisema, "lakini halisemi."

Kanisani nafasi ilikuwa imeachwa mlangoni kama ilivyoahidiwa. Kalekye akaegesha vizuri kuliko alivyowahi kuegesha. Ndani walikuwa wakiimba. Hakuna aliyetoka, hakuna aliyechungulia, hata mbuzi aliyelala kivulini hakuinua kichwa. Kiema akashuka, akafungua mlango wa mama mkwe wake. Syombua hakutikisika.

"Ni nani ametuona?" akauliza.

Kalekye akatazama huku na huku. "Bado, Mwaitu. Wanaimba."

"Basi rudi."

"Nirudi wapi?"

"Mtoni. Ukitoka huko uje tena, na mkono wako uwe kwenye honi."

Kalekye akamtazama mumewe. Kiema akaufunga mlango taratibu, akarudi kiti cha nyuma, akafunga mkanda. "Amri ya mahakama ya rufani," alisema kwa kunong'ona. "Haina pingamizi."

Barabara pale ilikuwa nyembamba, ile hasa iliyomfelisha. Kalekye akakata usukani, akarudi nyuma, akakata tena, na Posho akageuka bila kukwama. Wakashuka mpaka mtoni. Huko akageuza mara ya pili, akaweka kiganja kwenye honi, akapanda kilima akipiga honi mfululizo, kuku wakitawanyika, mbwa wakibweka kila boma. Karibu na kanisa wimbo ukakatika. Milango yote miwili ya kanisa ikafunguliwa.

Syombua alikuwa amekaa wima kabisa, macho yake yasiyoona mbali yakitazama mbele.

"Wametoka?"

"Wametoka wote, Mwaitu."

"Na Mama Nzivo?"

"Yuko mbele kabisa. Ameweka mkono juu ya macho."

Syombua akakirekebisha kitambaa chake.

"Sasa punguza mwendo," akasema.